Sina Senya ya Kukupa

Nimechoka kuulizwa. Kila anayepita hapa barazani anaanza na salamu, anauliza goti langu linaendeleaje, na kabla sijamaliza habari ya goti anasema, "Bibi Haula, ile ya kidole ilikuwaje?" Sasa Zuleica wa chama cha wanawake kaniletea daftari na kalamu mbili. Kasema niandike maisha yangu wasomewe wengine. Maisha yangu! Nina miaka sabini na kitu, na daftari lenyewe kurasa thelathini na mbili. Nimemwambia nitaandika ninalotaka mimi, kwa mwandiko wangu huu wa kuparura, na atakayeona herufi zimepinda apinde shingo azifuate.

Jina langu Haula binti Mshamu. Nimezaliwa Mwambani, kijiji ambacho leo kimo ndani ya ua wa watu wa gesi. Baba alikuwa mtu wa Lindi, alikuja na mafurushi ya nguo akaoa huku, asirudi tena. Mama yangu, Siwema, alikuwa wa hapahapa, na kazi yake ilikuwa kuchokoa chaza. Maji yakitoka anashuka mwambani na chuma na kikapu, anainama mpaka maji yarudi. Nami nilianza kuinama naye nikiwa na miaka saba. Ganda la chaza linakata kama wembe na mwamba unakwaruza kama tupa. Ukifanya kazi ile miaka hamsini, vidole vyako vinakuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Mistari yote inaondoka.

Niliambiwa hivyo mjini Mocímboa, nilipokwenda kutafuta bileti, yaani kitambulisho cha serikali. Karani alinipaka wino, akanikandamiza vidole kwenye karatasi, akatazama, akanikandamiza tena.

"Mama, wewe huna vidole," akasema.

"Hivi ulivyovishika ni vya nani?"

Watu waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Karani hakucheka. Akaniambia niandike jina. Nikaliandika kwa herufi nilizofundishwa chuoni, herufi za msahafu, kutoka kulia kwenda kushoto, vizuri kabisa. Akasema ile si saini. Akachapa kwenye bileti yangu maneno ya Kireno ambayo maana yake ni kwamba mwenye kadi hii hajui kutia saini. Nimetembea na maneno hayo kwenye mkoba miaka na miaka. Ninasoma Yasini yote bila kushika pumzi, na kadi yangu inaniita mjinga kila ninapoitoa.

Mama alikufa mwaka ambao watu walianza kusema chini ya bahari yetu kuna gesi. Tukacheka, tukasema sisi tunapika kwa kuni, gesi ya nini? Tukamzika nyuma ya kijiji, kando ya njia ya kushukia mwambani, mahali alipopachagua mwenyewe. Alisema anataka kusikia wanawake wakipita na vikapu. Kila Shabani nilikuwa nakwenda kufagia, namwagia maji, napanga changarawe nyeupe pembezoni, nasoma, naondoka.

Kisha yakaja mambo ya vita, tukakimbia. Hayo siyaandiki. Tuliporudi, Mwambani ilikuwa ndani ya ua, na sisi tukapewa nyumba za bloku katika kijiji kipya, barabarani, mbali na maji. Nyumba ina bati zuri. Sina neno na bati.

Neno langu lilikuwa kaburi.

Ofisi ya mambo ya kuhamishwa watu ikasema familia kumi na mbili zina makaburi ndani ya ua, na kila familia ichague. La kwanza, kuhamisha: mifupa inafukuliwa, inaletwa makaburi mapya hapa kijijini. La pili, kubaki: kaburi halisogezwi, na wenye kaburi wanapewa ruhusa ya kuingia kulizuru. Mimi jibu langu nilikuwa nalo kabla hawajamaliza kusema. Mama hafukuliwi. Maiti si muhogo.

Lakini jibu lilitakiwa lipitie kwenye simu. Walisema zamani walikuwa wakikusanya majibu kwa dole gumba na wino, na katika karatasi hizo walikuja kukuta dole la mtu aliyekufa miaka miwili nyuma. Kwa hiyo kila familia ikapewa simu ya kugusa, na ndani yake ukurasa wa ofisi, na kila mmoja akaambiwa atapata *senha*. Mreno akisema hivyo ana maana ya neno la siri la kufungulia. Aliyetutafsiria ni Rafique, kijana wa makamo, mwenye shati lisilokunjamana, ambaye tangu turudi anatamani kuwa chefe, yaani mkuu, wa mtaa. Rafique akasema, "Kila mtu atapata senya yake."

Tuliposikia senya, mioyo ikatulia. Senya tunaijua! Kambini tulikokimbilia tulikula kwa senya. Ni kikaratasi cha namba. Unakishika, unapanga foleni, unamkabidhi mtu wa mezani, unapewa mchele. Asiyeikabidhi senya yake analala na njaa. Hata hospitali ni hivyo, unaitoa senya ndipo unaitwa. Basi tulipopewa vikaratasi vilivyoandikwa maneno yetu ya siri, na Rafique akakaa mezani na daftari lake, sisi wenyewe tulisimama mstari. Mimi nilikuwa wa nne. Sitaki kusikia mtu akisema alitunyang'anya. Tulipanga foleni kumpa, na wengine walisukumana.

Wiki tatu baadaye simu ikalia. Mdogo wangu Cadija, tunayeishi naye nyumba moja, macho yake ni mazuri kuliko yangu, akaisoma.

"Dada, wanasema uamuzi wako umepokelewa."

"Uamuzi gani? Sijaamua kitu."

"Wanasema kuhamisha."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Neno lilikuwa lilelile, na chini yake tarehe ya kufukua, siku kumi na nane mbele.

Nikavaa kanga, nikaenda kwa Rafique. Nikamkuta anakunywa chai na mkate wa kumimina.

"Shikamoo bibi. Karibu chai."

"Sikuja kunywa. Nani kakwambia mama yangu ahamishwe?"

Akaweka kikombe chini taratibu. "Bibi yangu, wote kumi na wawili nimewajibia jibu moja. Orodha ikikamilika mapema, kijiji chetu kinaonekana kina mpango. Nawe kule ungekwenda mara ngapi, na goti hilo? Nimekusaidia. Wewe hata kusoma hujui."

"Kusoma najua. Niliyekuwa simjui ni wewe."

"Basi nenda ofisini ukawaambie," akasema, akachukua kikombe chake.

Nikaenda. Bwana wa ofisini alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa mgumu kama ukuta. Alitazama kompyuta akasema jibu limeingia kwa senya yangu, na mwenye senya ndiye mwenye neno. Nikamwambia senya niliikabidhi. Akasema hilo ni kosa langu. Nikasema sawa, kosa ni langu, na mama ni wangu vilevile. Kisha nikakaa kwenye ngazi ya mlango wao, katikati, pale ambapo kila anayeingia lazima aniruke. Nilikaa tangu saa tatu. Saa sita bwana yule mwenyewe alitaka kutoka kwenda kula.

"Mama, nipishe."

"Ruka."

Hakuruka. Alimwita Palmira.

Palmira ni binti wa Kimakonde, mtu wa Mueda, mrefu, nywele kazifunga juu, na ndiye anayeshughulika na mitambo yao. Hakuniambia niondoke. Alikaa kwenye ngazi pembeni yangu, akauliza ilivyokuwa tangu mwanzo. Nilipofika kwenye foleni ya senya akajishika kichwa.

"Ile ya mchele!" akasema.

"Ile ya mchele, mwanangu."

"Tumewaambia wazee watunze siri kwa neno ambalo maana yake kwao ni kitu cha kukabidhi." Akasema Kireno kidogo, nadhani lilikuwa tusi. Kisha akasema, "Bibi, jibu lako nitalifungua upya, kwa sababu siku hazijaisha. Ila tukikupa senya nyingine itakwenda kulekule. Mimi nataka uingie bila senya."

Nikamuuliza mtu anaingiaje bila senya.

"Kwa simu yenyewe na kidole."

Hapo nikasimama, goti au si goti. "Kidole changu hamkipati! Mmekwisha kutuwekea wino, mkapigisha dole hata maiti. Leo mkichukua kidole changu, kesho kitasema nimeuza na nyumba."

Palmira hakukasirika. "Kaa, bibi. Kidole hakiji ofisini. Sikiliza. Simu yako itatengeneza vitu viwili vinavyolingana, kufuli na ufunguo wake. Kufuli inakuja kwetu. Ufunguo unabaki ndani ya simu na hautoki, hata mimi siuoni. Siku unayotaka kuingia, ofisi inaiuliza simu yako swali, kila siku swali jipya. Simu inajibu kwa ule ufunguo, na kufuli yetu inalitambua jibu. Kidole chako kazi yake ni moja, kuiambia simu: mimi ndiye mwenyewe, jibu. Maneno hayo yanaishia humohumo ndani ya simu."

"Na mwizi akivunja hapa kwenu?"

"Atakuta makufuli. Atafungua nini kwa kufuli?"

"Na simu ikiibwa?"

"Mwizi hana kidole chako. Unakuja hapa tunaiondoa kufuli ya simu ile. Na tutaweka ufunguo wa pili kwenye simu ya mdogo wako, ili usibaki nje."

"Na Rafique akinibembeleza nimwambie?"

Akacheka. "Umwambie nini? Hutakuwa na kitu cha kusema. Hata ukitaka kumpa, huwezi."

Hilo ndilo lililonikalisha. Maisha yangu yote nimeambiwa nitunze siri, na siri ni kitu kinachoweza kutoka mdomoni. Hii ilikuwa siri ambayo hata mimi mwenyewe siijui. Sijawahi kupewa kufuli nzuri kama hiyo.

Basi tukaanza. Dole gumba la kulia: simu ikakataa. Cha shahada: ikakataa. Palmira akanifuta kwa kitambaa, akanipulizia, ikakataa. Vidole vitano vya kulia vyote chaza amekwisha kuvila. Watu waliokuja na shida zao wakaacha shida zao wakaanza kututazama. Akasema tusikate tamaa, kuna na namba ya kufungulia simu, nayo pia haitoki ndani ya simu, vikishindikana vyote tutatumia hiyo. Nikasema namba nitaiweka, lakini jaribu na kushoto. Kushoto ndiko ninakoshikia ganda, kwa hiyo gumba, shahada, cha kati, cha pete, vyote kapa. Kikabaki hiki cha mwisho, kidogo, ambacho tangu nizaliwe hakijawahi kufanya kazi ila kunyanyuka ninapokunywa chai.

Simu ikatetemeka. Ikataka tena. Ikatetemeka tena. Palmira akapiga kofi.

Mzee Ibraimo, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu, akasema kwa sauti ya msikitini, "Lakini bibi, mkono wa kushoto huo!"

"Kwani nakupa wewe kitu? Nafungua mlango wangu."

Kisha Palmira akafanya jambo ambalo naomba mlisome mara mbili, kwa sababu wengi wanalisahau. Alifuta ile senya ya zamani. Alisema ufunguo mpya haufai kitu ikiwa mlango wa zamani bado uko wazi nyuma ya nyumba. Daftari la Rafique, upande wangu, likawa karatasi ya kufungia karanga.

Swali la kaburi sikulijibu palepale. Mama si wangu peke yangu, na ofisi walitaka mabinti wote wawili tukubaliane, na Cadija alikuwa amekwenda kutafuta chaza mbali, upande wa pili ambako bado wanaturuhusu. Nikarudi nyumbani nimsubiri.

Aliyetangulia kufika ni Rafique. Orodha yake ilikuwa imerudi kumi na moja, na alikwisha jua ni nani aliyetoka. Alikuja na ndizi mkononi, akakaa hapa barazani bila kukaribishwa.

"Bibi, nimekosa. Nimekuja tutengeneze."

"Tengeneza."

"Ofisi wamekutumia ujumbe. Fungua, tuweke jibu lako unalolitaka. Kubaki, si ndiyo?"

Nikatazama simu. Kweli ujumbe ulikuwapo. Nikaubonyeza, ukaja ukurasa wa ofisi, rangi ileile ya bluu, picha ileile ya nyumba ya bloku. Nami, niseme kweli, niliamini. Goti linauma, jua kali, na mtu kasema kubaki. Niliamini kama nilivyoamini ile foleni.

"Andika senya yako hapo, bibi."

"Sina senya."

"Ile mpya uliyopewa leo."

"Sikupewa. Hakuna."

Akanitazama kama anayetazama mtoto anayeficha peremende. "Kila mtu ana senya, bibi."

"Mimi sina. Nina kidole."

"Basi weka kidole."

Nikaweka, hiki kidogo cha kushoto, kwa moyo mmoja. Simu ikanyamaza. Nikaweka tena. Yakatokea maneno, nikayasoma polepole kwa sauti, herufi kwa herufi, na sikuruka hata moja: hakuna ufunguo uliohifadhiwa kwa anwani hii.

Hapo nikakumbuka. Palmira alikuwa ameniambia, nami niliona ni maneno ya ziada: ufunguo unajua mlango wake kwa jina, na mlango wenye rangi ileile na jina lingine hautaufungua. Mimi nilitazama rangi. Simu ilitazama jina. Mimi nilidanganyika, simu haikudanganyika.

"Rafique," nikasema, "huu si ukurasa wa ofisi."

"Bibi, mtandao tu una matatizo…"

"Mtandao hauna tatizo. Umenitengenezea mlango wa uongo ndani ya nyumba yangu, na ndizi juu."

Akaanza kuinuka. Nikamwambia akae, akakaa. Sijui kwa nini alikaa, labda ni sauti. Nikamwambia: "Mjinga ni kadi yangu iliyoniita, na wewe ukaiamini kadi. Tafuta uchefe wako kwa miguu yako. Mgongo wa mama yangu hutaupanda."

Cadija akatokea na kikapu kichwani, akatukuta hivyo. "Kuna nini?"

"Huyu anaondoka," nikasema. "Ndizi aziache."

Akaondoka. Cadija akanawa mikono, tukakaa wawili. Safari hii nilifungua ukurasa wa ofisi mwenyewe, ule Palmira alioniwekea mbele kabisa ya simu, sikufuata ujumbe wa mtu. Nikaweka kidole. Ukafunguka mara moja, bila kelele, kama mlango wa chumba chako mwenyewe. Swali likaja: kuhamisha au kubaki?

"Bonyeza wewe," Cadija akasema, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Tubonyeze wote."

Tukabonyeza kubaki, kidole chake juu ya changu. Halafu ikataka kidole tena kuthibitisha, nikaweka. Kabla ya kuzifungua chaza zake, Cadija akaweka na ufunguo wake katika simu yake, kama Palmira alivyonielekeza. Kesho yake ofisi ikanipa karatasi ya ruhusa ya kuingia ndani ya ua. Nimekwenda mara tatu. Mlinzi wa getini ananisindikiza na bunduki, ananisubiri pembeni wakati nasoma, na mara ya mwisho aliniokotea changarawe mbili. Mama yupo alipo.

Hapa Zuleica alitaka nimalize. Anasema ni pazuri. Mimi naona ni pabaya, kwa sababu familia nyingine kumi na moja nazo zilijibiwa na Rafique. Palmira kawafungulia upya nao pia, wana mpaka mwisho wa mwezi huu, na mpaka leo ninapoandika wamekwenda watatu tu. Wengine wanasema wanaona haya. Wengine wanasema Rafique ni jamaa, wataonekana hawamwamini. Mmoja kaniambia vidole vyake vimekwisha kama vyangu, nikamuuliza kama amejaribu vyote kumi, akaanza kuvitazama.

Kwa hiyo wewe unayesoma, au unayesomewa, usiniambie hadithi nzuri. Sikukuandikia uniambie nzuri. Kama una mtu wako ndani ya ua, chukua simu yako uje hapa barazani Jumatatu asubuhi, saa mbili, twende ofisini pamoja. Nitatembea mbele na goti langu, na ngazi yao naijua ilivyo. Kama huna mtu ndani ya ua, basi umo katika wale waliompa mtu senya: mwanao, shemeji, muuza vocha. Nenda leo hii kabla hujala ukafute hiyo senya, uweke ufunguo kwenye simu yako mwenyewe, kisha uje uniambie kwa mdomo wako ni kidole gani kilichokubali. Nitakuuliza.